Chupa Isiyo na Lebo

Nyuma ya tangi kubwa la maji kulikuwa na uwanja uliogawanywa vipande. Kila familia iliyoomba ilipewa kipande kimoja cha kulima mboga. Kimoja kilikuwa cha fundi cherehani na mkewe, dobi. Watu wote walimwita Fundi, hata mkewe. Jioni, kazi zikiisha, walikutana huko na ndoo zao.

Mama mzazi wa mkewe aliishi nao. Miguu yake ilikuwa imechoka, lakini hakukosa kwenda bustanini kung'oa magugu. "Magugu hayana haya," alizoea kusema. "Ukiyapa kiti, yataomba kitanda."

Mwaka huo sukuma wiki iliingiliwa na vidukari. Wadudu wadogo kama ufuta walijaa chini ya majani, na majani yakajikunja.

"Tupige dawa," Fundi alisema.

"Tumsubiri Bibi Shamba," mkewe alijibu. Bibi Shamba alikuwa mtaalamu wa kilimo aliyekagua bustani zile. "Atapita Jumatano."

"Hadi Jumatano tutavuna vijiti."

"Basi tuvune vijiti. Dawa za kuokotaokota sizitaki jikoni kwangu."

Moyoni Fundi hakukubali. Jumamosi alipita sokoni. Mchuuzi mmoja alimpimia dawa kutoka kwenye dumu, akamtilia ndani ya chupa ya soda. Chupa haikuwa na lebo.

"Vizibo viwili kwa ndoo moja," mchuuzi alisema.

Fundi alitia vinne. Alijiambia kwamba dawa kali ndiyo dawa. Alichovya ufagio mdogo ndani ya ndoo, akairashia sukuma wiki yote. Kisha akaificha chupa nyuma ya majora ya vitambaa. Hakumwambia mkewe. Aliona kwamba wadudu wakifa, ubishi wake na mkewe nao utakufa.

Jumapili asubuhi alikwenda kumpelekea mteja suti. Mkewe naye alikwenda bustanini kuchuma mboga. Alikuta wadudu wamekauka, akadhani ni jua. Alirudi nyumbani, akasuuza majani mara moja, akayakatakata na kuyapika upesi.

Mama yake alikula kwanza, kwa sababu alikuwa na vidonge vya presha vya kumeza baada ya chakula. Kabla wengine hawajakaa, alishika tumbo.

"Mwanangu, tumbo linanisokota."

Jasho lilimtoka. Mate yalimjaa mdomoni, macho yakatiririka machozi, akaanza kutapika. Jirani alikuja mbio na kikombe cha maziwa.

"Mnyweshe," alisema. "Maziwa yanaua sumu."

Wakati huohuo Fundi aliingia. Alimwona mama mkwe wake, kisha akaiona sahani.

"Mboga hizi zimetoka wapi?"

"Kwetu. Zingetoka wapi tena?"

Fundi aliisukuma sahani mbali. "Acheni maziwa," alisema. "Twende hospitali."

Walipelekwa kwa gari la jirani huyohuyo. Muuguzi aliwapokea na kuuliza mgonjwa amekula nini.

"Mboga za bustani yetu," mkewe alisema.

"Zilipigwa dawa?"

"Hapana. Sisi hatupigi dawa."

Fundi aliangalia sakafu. Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyemwona. Alimsikia mama mkwe wake akivuta pumzi kwa shida kitandani.

"Nilipiga mimi," alisema. "Jana jioni."

Mkewe aligeuka akamtazama.

"Dawa gani?" muuguzi aliuliza.

"Sijui."

"Basi kailete chupa. Itie ndani ya mfuko, na usiishike kwa mikono mitupu."

Fundi alikimbia. Aliporudi, daktari aliitazama ile chupa, akaiweka kando.

"Chupa hii haituambii kitu," alisema. "Lakini wewe umetuambia. Dalili tunaziona, na sasa tunajua chanzo. Ungenyamaza, tungetibu tumbo la kawaida na muda ungepotea."

Jirani bado alikuwa na kikombe chake. Muuguzi alimweleza kwa upole. "Mama, maziwa hayaui sumu. Wala mgonjwa asitapishwe kwa vidole. Aletwe haraka, pamoja na chombo cha dawa."

Mama mkwe alilazwa, akawekewa dripu. Siku ya tatu aliweza kuketi. Fundi alisimama karibu na kitanda, kofia mkononi.

"Mama, ni mimi niliyekosa."

"Nimeambiwa."

"Naomba unisamehe."

"Nenda kwanza kajifunze," alisema. "Kumsamehe mtu asiyejifunza ni kutia maji kwenye pakacha."

Siku iliyofuata, Jumatano, Bibi Shamba alifika na mabuti yake. Fundi alimweleza yote, mkewe akiwa pembeni. Bibi Shamba hakumkaripia. Alitoa mkobani kopo la dawa lililofungwa vizuri.

"Soma hapa," alisema.

Fundi alisoma polepole. "Usivune kabla ya siku saba."

"Hiyo ni dawa hii. Nyingine ni siku tatu, nyingine kumi na nne. Kila dawa ina siku zake. Angalia pia kama zao lako limetajwa."

"Na kipimo?"

"Kimeandikwa. Ukizidisha kipimo unaongeza sumu. Vaa glavu, funika pua na mdomo, usinyunyizie upepo ukikuelekea. Na dawa isiyo na lebo usiinunue kabisa."

"Hii sukuma wiki tusubiri siku ngapi?" mkewe aliuliza.

"Hatuijui sumu, kwa hiyo hatuzijui siku zake. Ng'oeni yote, mzike. Msiwape hata kuku."

Kisha aliwafundisha njia ya vidukari. Kung'oa majani yaliyojaa wadudu. Kutia kijiko cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, na kunyunyizia chini ya majani jioni. Kurudia baada ya siku chache. Kuosha mboga vizuri kabla ya kupika.

Waling'oa hadi udongo ukabaki mtupu. Ndipo mkewe alipofungua mdomo.

"Fundi, kuhusu dawa, hukujua. Kuhusu kunificha, ulijua."

"Ni kweli."

"Kuanzia leo, atakayefanya jambo hapa amwambie mwenzake kabla hajanawa mikono."

Walikubaliana hivyo. Fundi alishona kibendera chekundu. Kikisimikwa kwenye kipande kilichopigwa dawa, watu wote wajue kwamba hapo hapavunwi. Wiki hiyo, kwenye mkutano wa wenye bustani, alisimama akasimulia alichofanya. Alipokaa, mzee mmoja alitoka, akarudi na chupa ya soda isiyo na lebo. Wengine wakafuata. Bibi Shamba alizikusanya zote ndani ya pipa ili zikateketezwe panapostahili.

Walipanda upya. Vidukari walirudi, sabuni ikawapunguza. Majani mengine yalitoboka, lakini mboga ilikuwa ya kutosha.

Mama alikuwa hajagusa mboga tangu atoke hospitali. Siku ya mavuno, Fundi mwenyewe alimwekea sahani mezani. Mama aliitazama.

"Zimepigwa?"

"Sabuni tu, Mama. Siku tano zilizopita. Nimeziosha mwenyewe mara tatu."

Mama alimtazama usoni kwa muda mrefu.

"Haya, mwanangu," alisema. "Nisogezee."