Mholi Uliokatwa

Huku kwetu Leitrim, mashambani Ireland, mtu atakata mti wowote unaomkera, ila mholi hataugusa. Mholi una majani magumu yenye miiba, na haupukutishi majani hata theluji ikianguka. Wanasema ukiukata, mtu wa nyumba hiyo atakufa. Watu hao hao wana magari na simu za maana. Lakini mwambie mmoja wao achukue msumeno akate mholi, uone mgongo utakavyoanza kumuuma ghafla.

Mimi nakaa ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba ya Fintan. Fintan anafuga kondoo. Mke wake, Noreen, ni mpishi wa shule. Mama yake Fintan, Delia, aliishi nao. Zamani alikuwa mkulima hodari. Akiita ng'ombe, sauti ilifika bonde la pili. Kisha akaanza kusahau. Alisahau majina. Akasahau kwamba mumewe amekufa. Akasahau kwamba ng'ombe waliuzwa.

Kila asubuhi ilikuwa hivi. Noreen anaweka uji wa shayiri mezani. Delia anatokea amevaa koti juu ya nguo ya kulalia.

"Ng'ombe hawajakamuliwa," anasema.

"Wamekamuliwa, Mama. Kaa unywe chai."

"Nani kawakamua?"

"Fintan."

"Fintan yule mtoto mdogo? Msinifanye mjinga."

Anakaa, anakunywa, anasahau. Baada ya muda anainuka tena.

Nyuma ya nyumba kuna bustani. Mwisho wa bustani kuna uzio wa miholi uliopandwa na babu yake Fintan. Nyuma ya uzio kuna mtaro mkubwa wa maji meusi ya kinamasi, na kingo zake zinateleza. Ng'ambo ya mtaro kuna njia ya trekta.

Tangu baba yake Fintan afe, hakuna aliyeukata uzio ule. Miholi ilirefuka ikawa miti mizima. Juu ilijaa majani. Ukiangalia kwa mbali ungesema ni ukuta. Chini kulikuwa na vigogo vitupu. Mbwa alipita kati yake, kondoo alipita.

Mwezi wa Novemba Delia naye alipita.

Noreen alikuwa ametoka kuleta kuni. Aliporudi, kiti kilikuwa kitupu na mlango wa nyuma uko wazi. Tulitoka majirani wote kumtafuta, mvua inatupiga. Fintan ndiye aliyemwona. Alikuwa ndani ya mtaro, maji yamemfika kifuani, ameshika nyasi za ukingoni kwa mikono miwili. Mdomo ulikuwa bado unaita ng'ombe, lakini sauti haikutoka. Tulimvuta. Mwili ulikuwa baridi mpaka niliogopa kuushika.

Alilazwa hospitali kwa ugonjwa wa mapafu. Alirudi amekonda, anakohoa. Na asubuhi ya kwanza tu akainuka kitini kwenda kwa ng'ombe.

Basi wakaufunga mlango kwa ufunguo. Delia aliupiga mlango kwa ngumi. Alilia, akauliza amemkosea nani hata afungiwe kama mwizi. Akapiga mpaka vidole vikatoka damu. Fintan alikuwa amekaa upande wa pili wa mlango, ameshika kichwa.

"Siwezi, Noreen," alisema. "Nikifungua, atafia mtaroni peke yake. Nikifunga, namuua mimi mwenyewe."

Noreen aliinuka. Alivaa buti akaenda kwa Dympna.

Dympna anaotesha miche na kuiuza, pale njia panda. Ana ulimi mkali, lakini akikuambia jambo kuhusu mti, yashike maneno yake. Alikuja, nami nikavuka barabara nisikie atakachosema. Akauzunguka uzio, akainama kuchungulia chini.

"Nani wa mwisho kukata hapa?" aliuliza.

"Baba," alisema Fintan. "Na hakuumaliza mwaka ule. Kwa hiyo hilo usilianze."

"Alikufa kwa nini?"

"Moyo."

"Na kabla ya kukata uzio, moyo wake ulikuwa mzima?"

Noreen akajibu badala yake. "Alikuwa anameza vidonge tangu mwaka wa nyuma. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kwa daktari. Unajua hivyo, Fintan."

"Sikiliza basi," alisema Dympna. "Huku chini hakuna uchawi. Kuna giza. Miti imetanuka juu, imejifunika chini, na tawi lisilopata mwanga hufa. Uzio hukatwa ili chini pawe papana kuliko juu. Hapo jua linafika mpaka mguuni."

"Nikikata, utachipua?"

"Mholi unachipua hata kwenye kigogo kikuukuu. Ila hauna haraka na mtu. Kwa mwaka unaongeza shubiri moja, ukifurahi sana mbili."

"Mama hana miaka ya kusubiri," alisema Noreen. "Si tuweke waya tu?"

"Waya wekeni leo hii. Lakini huyu mama ameruka nyaya za mashamba maisha yake yote. Akili imesahau, mguu haujasahau. Kuna kitu kimoja tu ambacho hatajitia ndani yake, nacho ni matawi ya mholi. Mkayashindilie pale kwenye mapengo, kati ya vigogo na waya. Yakikauka ndiyo yanachoma zaidi. Yatamzuia mpaka uzio ujizibe wenyewe. Na matawi hayo mtayapata wapi? Yako huko juu. Ni kukata."

Fintan aliangalia juu ya miti. "Na akifa?"

"Umri wake unaujua. Atakufa, Fintan. Wewe unachagua tu afie wapi."

Nilidhani Fintan atamfukuza. Hakumfukuza. Alifunga waya siku ile ile, akasubiri Februari kama Dympna alivyomwagiza. Mholi mkubwa unapunguzwa sana baridi inapokaribia kwisha, kabla ndege hawajaanza kujenga viota. Na haukatwi wote kwa mara moja. Unakata upande mmoja mwaka huu, upande wa pili mwaka ujao, ili mti usidhoofike.

Siku ilipofika Fintan aliwasha msumeno, akauzima. Akauwasha tena, akauzima tena.

"Nipe mimi," alisema Noreen.

Fintan alitikisa kichwa. Akaukata mholi.

Sisi wengine tulivuta matawi na kuyashindilia chini. Tulivaa glavu nzito za ngozi, na bado nilirudi nyumbani mikono imechanika. Jioni hiyo mapengo yote yalikuwa yamezibwa. Hata paka angefikiria mara mbili.

Machi walipanda miche mipya penye mapengo. Fintan alitaka kwenda kung'oa miholi mikubwa msituni ili uzio uzibe upesi.

"Ing'oe, halafu uje uizike hapa," alisema Dympna. "Mholi uliokomaa haupendi kuhamishwa. Chukua miche midogo ya kwenye chungu, isiyozidi goti. Ipande nusu hatua kwa nusu hatua. Na hapa panatuama maji, inua tuta kwanza. Mizizi yake ikilala majini inaoza."

"Niweke samadi shimoni?"

"Samadi mbichi itaunguza mizizi. Tandaza majani yaliyooza juu ya udongo, yasiguse shina. Ng'oa nyasi, zinakunywa maji ya mche. Na ukame ukija, mwagilia."

"Kumwagilia? Leitrim?" Fintan alicheka kidogo. Tangu Novemba sikuwa nimemsikia akicheka.

"Cheka tu. Mche mpya hauna mizizi ya mbali. Mvua ikikosekana wiki mbili, utakuja kunililia mimi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mei ikawa kavu. Fintan alishughulika na kukata manyoya ya kondoo, akasahau miche. Majani yakaanza kuanguka, mche mmoja baada ya mwingine, mpaka vikabaki vijiti. Packie, jirani mwenye trekta, alisimama ng'ambo ya mtaro akaangalia.

"Umeona?" alisema. "Laana imeanza."

Maneno hayo yalimwingia Fintan. Alikwenda kuchukua jembe aing'oe miche yote. Noreen akampigia simu Dympna, naye Dympna akaja na buti zina tope. Alikwangua gome la mche mmoja kwa ukucha. Ndani palikuwa kijani.

"Weka jembe," alisema. "Majani yangekauka yakang'ang'ania mtini, ningekuambia ng'oa. Yakianguka yenyewe, mti bado unajipigania. Lete maji, acha kumsikiliza Packie."

Fintan alileta maji, ndoo baada ya ndoo, jioni baada ya jioni. Mwezi uliofuata vichipukizi vikatoka kwenye vijiti. Na kwenye vigogo vizee pia, chini kabisa, ambako hapakuwa na jani kwa miaka mingi.

Mlango haukufungwa tena. Delia alishinda bustanini na koti lake, anaita ng'ombe. Alikuwa anafika kwenye uzio, ananyoosha mkono, anachomwa, anaurudisha.

"Nani kaweka miholi hapa?" ananung'unika. "Ng'ombe watapita wapi?"

Kisha anageuka, anarudi kunywa chai. Kiangazi chote hakuna aliyemfungia.

Lakini mapafu hayakupona. Januari alilala, hakuinuka tena. Noreen alimvisha soksi za sufu. Fintan alimshika mkono tangu asubuhi mpaka alipokata roho.

Tulikesha na maiti nyumbani, kama desturi yetu. Chai ilipikwa, mkate ukakatwa. Watu walimsalimia marehemu, wakampa mkono Fintan, kisha wakajibanza pembeni na kunong'ona. Nilimsikia Packie kwa masikio yangu.

"Hata mwaka haukwisha," alisema. "Kama baba yake Fintan."

Fintan alisikia. Mimi ningemtoa Packie nje kwa kola ya shati, Mungu anisamehe. Fintan aliweka kikombe chini, akaenda kukaa karibu na jeneza.

Februari ikaisha nusu. Ulikuwa wakati wa kukata upande wa pili. Sote tulikuwa tunaangalia, tusidanganyane. Wengine waliopita barabarani walipunguza mwendo. Noreen hakumkumbusha. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameamua kutosema neno, akate au aache.

Asubuhi moja nikasikia msumeno.

Nilivaa glavu nikaenda. Fintan alikuwa juu ya ngazi, matawi yanaanguka. Packie alikuja na trekta ng'ambo ya mtaro, akasimama, akazima injini.

"Fintan," aliita. "Baba, kisha mama. Hujatosheka?"

Fintan aliuzima msumeno. Alishuka ngazi taratibu, akaja mpaka kwenye uzio. Machipukizi yalikuwa yamefika magotini.

"Mama amekufa kitandani mwake, Packie," alisema. "Amekufa mkavu, nimemshika mkono, na mlango ulikuwa wazi. Wewe ulisaidia kumvuta kutoka humo mtaroni. Unataka kuniambia angefia wapi?"

Packie aliangalia maji meusi chini yake. Aliwasha trekta akaenda zake, na Fintan akapanda ngazi kumalizia.