Leo Tumepisha

Kila asubuhi Cyriaque huendesha gari la taka kutoka mtaa wa Tyseley, huku ugenini. Alipofika kutoka Kongo, ambako magari hupita kulia, kuendesha upande wa kushoto kulimtoa jasho. Sasa amezoea. Hata usingizini angeshika kushoto.

Mkewe, Dative, anaogopa maji. Mdogo wake, Lionel, alizama Ziwa Kivu, boti mbili zilipogongana. Mwili haukuonekana. Kila mwaka, siku ya kumkumbuka, Dative huweka maua kwenye beseni la maji jikoni kwao, mtaa wa Stechford. Husali, hulia, kisha huenda kazini.

"Mwaka huu maua tuyapeleke kwenye maji ya kweli," Cyriaque alimwambia. "Jirani yetu Mubarik atatupeleka."

Mubarik ni Msomali aliyekulia Kenya. Siku za mapumziko hutembeza watu kwa boti ndefu, nyembamba, ya chuma, kwenye mfereji uliochimbwa kupitisha boti.

Dative alimwita mumewe kwa jina la binti yao. "Papa Nabintu, nitaenda. Lakini nimekuamini wewe, si maji."

Jumamosi wakapanda. Dative aliketi mbele, maua mapajani. Usukani, fimbo ndefu ya chuma, uko nyuma, na Cyriaque akauomba.

"Sheria za mfereji unazijua, mzee?" Mubarik aliuliza.

"Mimi mtoto wa Kivu! Utanifundisha maji?"

Jibu gani hilo, jamani? Ziwa ni pana, mfereji ni kama uchochoro. Lakini Mubarik aliona haya kumbishia mtu mzima. Akampa usukani.

Mara boti nyingine ikatokea chini ya daraja. Cyriaque akafanya kama barabarani, akashika kushoto. Mwenzake akashika kulia kwake, yaani ukingo uleule. Boti zikaelekeana.

Dative akainuka, akanyoosha mkono kuisukuma ile boti.

"Mama Nabintu! Rudisha mkono ndani! Keti!" Mubarik alipiga kelele, huku akirudisha boti nyuma kwa injini.

Dative akaurudisha. Maua yakamponyoka. Boti zikagongana na kuyasaga katikati.

Dative aliyatazama maua. Kisha akavitazama vidole vyake.

"Nishusheni," alisema. "Mon Dieu, Mungu wangu, nishusheni."

Wakafunga boti ukingoni. Mwenye boti ile nyingine aliuliza kama wote ni wazima, akaendelea na safari.

"Kosa ni langu pia," Mubarik alisema. "Nilipaswa kukufundisha kwanza."

"Mbona yule hakushika kushoto?" Cyriaque aliuliza.

"Majini si barabarani, mzee. Mkikutana, kila mtu apunguze mwendo, ashike kulia kwake. Ubavu wako wa kushoto upite ubavu wake wa kushoto. Na usukani huu ukiusukuma kushoto, boti inaenda kulia."

"Na pale darajani?"

"Panatosha boti moja tu. Aliye karibu zaidi na daraja apite kwanza. Mwingine angoje mbali kidogo. Na mtu asizuie boti kwa mkono wala mguu. Hiki ni chuma, kitakuvunja."

Cyriaque akamwendea mkewe. "Pardon, nisamehe, Dative. Nilijivuna. Ukitaka, turudi nyumbani kwa basi."

Dative alifuta machozi. "Kule ziwani kila mmoja alitaka apite yeye. Hakuna aliyempisha mwenzake. Wewe utapisha?"

"Nitapisha."

"Basi twende. Mubarik, simama karibu naye."

Walikwenda polepole. Kwenye daraja lililofuata, boti nyingine ilikuwa inakuja, nayo ilikuwa karibu zaidi na daraja. Cyriaque akapunguza mwendo, akashika kulia, akangoja. Boti ile ikapita kushoto kwao bila kugusa kitu. Mwanamke aliyeiendesha akainua mkono kushukuru.

Dative alikuwa ameketi, mikono ndani. Ua moja lilikuwa limebaki miguuni pake. Maji yalipotulia, aliliokota, akaliweka juu ya maji taratibu.

"Lionel, mdogo wangu," alisema, akilia waziwazi, "leo tumepisha."