Chungu Kibichi na Mjomba Bingwa

Chungu kipya cha kuyeyushia shaba kilishinda juani siku tatu, na bado kilitoka jasho. Binti alikifuta, kikaloa tena, kama paji la uso la mgonjwa.

Mama yake, fundi wa vitasa vya milango, alikigonga kwa ukucha. Du. Chungu kilichokauka hulia kama kengele. Akasema jini la udongo halijahama; kipashwe kitupu, kwa moto mdogo, mpaka litoke lenyewe. Kibichi kikikutana na moto mkali hupasuka. Kisha akaenda kununua mkaa.

Akabaki Mjomba Bingwa, kaka wa Mama, mtu aliyejua kila kazi isipokuwa kuifanya. Alikuwa ametazama video ya kuyeyusha shaba kwenye simu, tena nusu yake, basi tayari ni mhandisi. Alicheka mpaka kitambi kikatikisika. Dada yake, alisema, analea udongo kama kichanga. Akakijaza chungu vipande vya shaba, akachochea moto mkubwa chini yake.

"Mjomba, kitoe," Binti alinong'ona. "Kinapumua."

"Kiulize basi kama kimekunywa chai."

Kwanza ikaja harufu ya nywele mbichi zinazoungua, kisha mkwaruzo wa kucha ndani ya udongo, ukipanda taratibu kuelekea mdomo wa chungu, na Mjomba, ambaye hakuwahi kuona shimo asichungulie, akainama, na mvuke mweupe ukanyanyuka ukamwingia puani na kinywani, wote, bila kubaki hata ukungu, huku Binti ameng'ang'ania shati lake akimvuta nyuma, na macho ya Mjomba hayapepesi.

Mama aliporudi, moto ulikuwa umefifia. Akakigonga chungu, kikalia kama kengele. Akamtazama kaka yake, ambaye sasa jasho lilimchuruzika kama lilivyokitoka chungu. Akamgonga kwenye paji la uso.

Du.

"Kichwa hiki kilikuwa kitupu miaka yote," Mama alisema kwa sauti ndogo, wala hakuwa anatania. "Sasa kimepata mpangaji. Mimi najua kumtoa kwenye udongo tu. Zima makaa yote, mwanangu. Asiote moto; kibichi hupasuka."

Binti alimwagia maji makaa ya mwisho. Nyuma yake, kiti kikakwaruza sakafu.

"Mpwa wangu," sauti ikasema, ya Mjomba, lakini ikitokota kwa chini, "jirani amewasha jiko? Naona baridi."