Alikula Ili Yaishe

"Unakula kwa nani?"

Mpishi alisimama mbele ya mumewe, simu ya mume huyo mkononi. Siku ya nne hiyo mume anaonja kijiko kimoja na kusukuma sahani. Kwa mwanamke anayepikia shule nzima, na watoto wanagombania ukoko, hilo lilikuwa tusi.

"Sili kwa mtu."

"Na huyu 'Dada wa Jumatatu' ni nani? 'Umekula nini leo? Njoo Jumatatu saa tatu, usinikwepe tena.' Usinikwepe! Mimi mjinga, siyo?"

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, wenzake karakana nzima wakimwita Cheche. Alipoona mkewe ameanza kulia, akavuta sahani.

"Nipakulie."

Alikula. Akaomba ya pili, akaimaliza. Roho ya Mpishi ikatulia tuli. Mungu amsamehe, hakuona mkono uliokuwa umekamata tumbo chini ya meza.

Asubuhi tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma na Cheche anatapika mfululizo. Hospitalini, muuguzi aliyewapokea alishika kiuno.

"Baba, nilikuandikia nikakuuliza unakula nini. Si tulikwambia vitu laini tu?"

Mpishi alimsogelea.

"Wewe ndiye Dada wa Jumatatu?"

"Jumatatu ndiyo kliniki yetu, mama. Mumeo ana saratani ya utumbo mpana. Hajakwambia?"

Mpishi alimgeukia mumewe.

"Kwa nini?"

"Mwaka jana ulimzika dada yako kwa ugonjwa huuhuu. Ulisema ukiusikia tena utakufa wewe kwanza."

"Ukaona bora nikuue kwa mkono wangu?"

"Ulikuwa unalia. Nikasema nile, yaishe."

Daktari alikuja na kitu kidogo kiganjani, kijibomba cha waya mwembamba uliosukwa.

"Uvimbe umeziba njia yote. Kumpasua leo, alivyokauka maji hivi, ni hatari. Hii ni stenti. Tunaipitisha kwa chini ikiwa imejikunja, kamera ikituongoza. Ikifika kwenye uvimbe inatanuka yenyewe na kushikilia njia wazi. Akipata nguvu, ndipo tunamfanyia upasuaji wa kuutoa uvimbe."

"Na ikikataa?"

"Utumbo unaweza kutoboka. Sitakudanganya, mama, hapo tunaweza kumpoteza."

Cheche aliichukua stenti, akaigeuzageuza vidoleni.

"Nani kasuka hii? Mkono safi kweli."

"Wewe! Unakufa huku unakagua kazi za watu?"

Cheche akamrudishia daktari, na fomu ya idhini akaisukuma kando.

"Sisaini. Mke wangu, nirudishe nyumbani. Ulimuuguza dada yako miezi minane ukabaki mifupa. Sitaki urudi huko tena."

Mpishi hakujali tena wodi imejaa watu. Alipiga kelele.

"Nani kakutuma unichagulie? Miezi ile nilimwogesha, nikamlisha, tukacheka! Iliniuma, lakini sijutii hata siku moja!"

"Taratibu, watu wanatuangalia..."

"Waangalie! Sahani ya pili nilikupakulia mimi, nikaona nimeshinda. Ukifa leo nitaishije na huu mkono? Niambie! Kama husaini kwa ajili yako, saini kwa ajili yangu. Nakuomba, mume wangu. Nakuomba."

Cheche akaomba kalamu.

Saa mbili nzima Mpishi alikaa kwenye benchi la korido, mikono imebanwa katikati ya magoti, akimwahidi Mungu mambo asiyoweza kuyatimiza. Daktari akatoka.

"Imekaa mahali pake. Sasa tusubiri upepo utoke tumboni, tujue njia imefunguka."

Walisubiri. Mchana ukaenda. Mpishi alikuwa ameinamisha kichwa kitandani pale sauti ndefu, isiyo na adabu hata kidogo, ilipotoka chini ya shuka.

"Samahani," Cheche alinong'ona, macho chini kwa aibu.

"Rudia!"

Muuguzi akaangua kicheko. Mpishi naye alicheka, kicheko kikageuka kilio, akaing'ang'ania shingo ya mumewe.

"Saratani bado imo humu," Cheche alisema. "Hapa tumepewa muda tu."

"Najua."

"Bado kupasuliwa, bado madawa. Naogopa, mke wangu."

Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akilisema neno hilo. Mpishi alipanda kitandani, akajibana kwenye ukingo, akamshika mkono.

"Nianzie mwanzo. Siku ya kwanza kabisa ilipokuuma, nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umelala pembeni yangu," Cheche akajibu. "Niliogopa kukuamsha."