Picha Kando ya Gari la Wayne

Kila siku ya shule Chelagat alirudi nyumbani na ufunguo shingoni, umefungwa kwa kamba ya kiatu. Basi la njano lilimshusha kando ya Barabara ya University, pale Adelphi, mji wa ughaibuni walikohamia, naye alikaza mwendo hadi kwenye jengo lao la matofali mekundu, akapanda ngazi, akaingia na kujifungia kwa kufuli na mnyororo. Masharti ya Mama yalikuwa machache na hayakuwa na mjadala. Usimfungulie mtu mlango. Usichezee jiko. Usirukeruke.

Hilo la kurukaruka ndilo lililomkera kuliko yote. Kwao Kapsabet, Kenya, alikuwa bingwa wa kuruka kamba, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba miguu yake ina kelele. Hapa akiruka mara moja tu, jirani wa chini aligonga dari kwa mpini wa ufagio, du du du, mpaka vikombe vikalia kabatini. Walikuwa wamekaa pale zaidi ya mwaka na Chelagat hakujua kama jirani huyo ni mwanamume au mwanamke. Siku moja, kwa ukaidi tu, alimjibu kwa kupiga sakafu kwa kisigino, du du du, kisha akakaa kitini akisubiri aone atafanywa nini. Hakufanywa kitu.

Kwa kweli Chelagat hakupapenda mahali hapa, na hakuwa mtu wa kuficha. Hakupenda baridi ya Februari, inayoingia mpaka kwenye meno. Hakupenda joto la Julai, linalokuganda mwilini kama blanketi lililoloa. Hakupenda darasani, ambako Ethan na wenzake walimtaka arudie neno lile lile ili waicheke lafudhi yake. Siku hizi walipomwambia arudie, aliwatazama tu machoni mpaka wakachoka wenyewe.

Lakini kubwa zaidi lilikuwa Mama. Kapsabet, Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na jioni alikuwa nyumbani akimenya viazi na kupiga soga. Huku alifanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee katika makao mawili tofauti. Akitoka moja alipanda basi kwenda jingine, upande wa Greenbelt. Mara nyingi yeye na Chelagat walikutana mlangoni tu, mmoja akiingia na mwingine akitoka.

"Nani alisema huku ni raha?" Chelagat alimwuliza siku moja.

"Hakuna aliyesema," Mama alijibu, akivua viatu polepole.

"Mbona picha zetu zinasema?"

Picha zilikuwa kazi ya Mjomba Kipkemboi, mdogo wake Mama, aliyeajiriwa kuegesha magari ya wageni katika hoteli moja huko Alexandria, mji wa jirani. Kutwa nzima Mjomba aliendesha magari ya watu wenye pesa, kutoka mlangoni mwa hoteli hadi maegeshoni, kisha akarudi kwa miguu kuchukua jingine. Lake mwenyewe hakuwa nalo. Alichokuwa nacho ni kamera ile ya kutoa picha papo hapo, na aliipenda kama mtoto wake.

Kila Jumapili, kabla hawajavua nguo za kanisani, Mjomba aliwapanga kando ya gari jekundu la jirani yao Wayne, lililong'aa kuliko magari yote ya pale uwanjani. "Egemea kidogo, dada," alikuwa akisema. "Chelagat, shika mlango, kama mtu anayetaka kufungua." Wala hawakuwa peke yao. Karibu kila Mkenya na kila Mtanzania katika majengo yale alikuwa na picha kando ya gari lisilo lake, na picha hizo zilisafiri hadi nyumbani ndani ya mabegi ya watu. Hakuna aliyedai kwamba gari ni lake. Hakuna aliyesema si lake.

Siku moja Wayne mwenyewe alitokea, funguo mkononi, wakiwa wameegemea. Wote watatu walisogea na kuanza kutazama mawingu kama watu wanaongoja mvua. Wayne akawasalimu vizuri, akaingia garini, akaondoka zake. Chelagat alicheka mpaka machozi yakamtoka, lakini Mjomba hakuona la kuchekesha.

Basi wakati wa Krismasi, Jeptoo, binti wa mama mkubwa, alimwuliza Chelagat kwa simu, "Lile gari jekundu ni lenu?"

Chelagat angeweza kusema la. Lakini kwa mara ya kwanza tangu ahame, alisikia mtu akimwonea wivu, na wivu huo ulikuwa mtamu. "Ndiyo," alisema. "Ni letu."

Akasahau. Uongo huo ulimrudia Jumamosi moja ya Februari, Mama alipopiga simu kwa kadi ya kulipia dakika, kama kawaida, kwenye duka la jirani yao Kapsabet. Mama mkubwa alipokea akilia. Jeptoo amekataa kurudi shuleni. Yuko kidato cha nne, mwaka wa mtihani, na mwalimu mkuu amesema asiporudi kabla ya mwisho wa mwezi, jina lake halitapelekwa kwenye baraza la mitihani.

"Mpe simu," Mama alisema. Chelagat alisogeza sikio karibu.

"Mama mdogo, nisome ili iweje?" Sauti ya Jeptoo haikuwa na wasiwasi hata kidogo. "Wewe ulisoma, ukafundisha miaka yote hiyo, na hukupata hata baiskeli. Umefika huko juzi tu, una gari. Chelagat mwenyewe aliniambia. Nifanyieni mpango nije."

Mama alimgeukia Chelagat taratibu, akaziba simu kwa kiganja. "Ulimwambia gari ni letu?"

"Ndiyo." Uso ulimchoma kwa aibu, lakini hakuinamisha kichwa. "Ninyi mkampelekea picha."

Mama akarudi kwenye simu. "Jeptoo, mwanangu, nisikilize. Hatuna gari. Maisha huku ni magumu."

Jeptoo akacheka. "Wote walioko huko husema hivyo, ili sisi tusije."

Kabla Mama hajapata la kusema, kadi ikaisha na simu ikakatika. Mama akaiweka chini, akavaa koti lake, kwa maana basi halimngoji mtu. Siku ile Chelagat hakula. Aliona wazi kwamba maneno hayatamrudisha Jeptoo shuleni, hata yangesemwa na nani. Jeptoo alikuwa ameamini picha.

Kesho yake hawakwenda kanisani. Usiku Mama alikuwa ameitwa kazini kumshikia mwenzake zamu, akarudi asubuhi amechoka taabani, akaanguka kwenye kochi na kulala pale pale, bado amevaa sare, kiatu kimoja mguuni na kingine sakafuni. Mjomba Kipkemboi alifika mchana akiwa tayari na koti la hoteli, lile lenye vifungo vya dhahabu, kwa sababu baadaye angeingia kazini. Kamera ilikuwa shingoni.

"Leonard wa kanisani anasafiri kesho kwenda Kenya," alisema kwa sauti ya chini. "Atapita hapa baadaye kidogo kuchukua mizigo. Vaa koti lako jipya tukapige picha. Zimebaki nne tu."

"Mimi sisimami tena kando ya gari la Wayne," Chelagat alisema.

"Umesemaje?"

"Sisimami, Mjomba. Jeptoo ameacha shule kwa sababu ya gari lile."

"Jeptoo ana kichwa kigumu, na wewe ni hivyo hivyo," Mjomba alisema. "Watu wa nyumbani wanatutegemea. Unataka wapate picha ya nini, ya huzuni? Vaa koti. Mimi nashuka kupangusa theluji kwenye gari." Akaiweka kamera mezani, akachukua ufagio mdogo, akatoka.

Chelagat alibaki akiitazama kamera. Alijua akiigusa atapata adhabu ambayo hajawahi kuipata. Alijua pia kwamba Leonard akiondoka na picha nyingine za gari, Jeptoo ndiyo basi tena. Akaichukua.

Picha ya kwanza ilikuwa ya mlango, na kufuli, na mnyororo, na ufunguo wenye kamba ya kiatu. Ya pili aliipiga dirishani: watu waliojikunyata kwenye kituo cha basi, theluji ikiwa imefika juu ya viatu vyao. Kisha akasimama mbele ya kochi. Mama alikuwa amefungua mdomo kidogo, mkono umening'inia mpaka sakafuni. Chelagat alisita. Halafu akabonyeza, na kamera ikanguruma na kutoa picha ya tatu.

Akarudi dirishani kuangalia kama Mjomba anarudi. Kumbe Mjomba alikuwa bado pale chini, ameinama, koti la vifungo vya dhahabu limejaa vumbi jeupe, akipangusa kwa bidii theluji kwenye gari la mtu mwingine. Chelagat akapiga ya nne.

Mjomba aliporudi akakuta picha zimepangwa mezani, rangi zikiendelea kujitokeza. Aliangalia kamera, akaangalia picha.

"Umezimaliza zote," alisema, na safari hii hakujali kwamba kuna mtu amelala. "Unataka kutuaibisha mbele ya ukoo mzima?"

Mama akaamka. Alikaa, akajifuta uso, akanyoosha mkono apewe picha. Aliitazama ile yake kwa muda mrefu. Chelagat alisimama mbele yake, wala hakurudi nyuma.

"Niadhibu ukitaka, Mama," alisema. "Nilimdanganya Jeptoo. Nikamfanya aone huku ni peponi. Nikinyamaza hatafanya mtihani, na mimi ndiye nitakuwa nimemnyima. Picha hizi lazima ziende."

"Msikie huyo," Mjomba alisema. "Dada, mwambie."

Mama alikuwa amefika kwenye picha ya nne. Mabega yake yakaanza kutikisika. Chelagat alidhani analia, kumbe ni kicheko, kicheko kile cha Kapsabet ambacho hawakuwa wamekisikia tangu wahame. Akamwonyesha Mjomba.

"Kipkemboi, hebu jione."

Mjomba alijiona. Alijaribu kununa, akashindwa, akacheka pia huku akitikisa kichwa. "Na lile gari halijawahi kuwa safi hivyo," alisema.

Mama aliacha kucheka. "Ndugu yangu, umewahi kuiba tangu ufike huku?"

"Hata siku moja."

"Mimi nawaogesha wazee wa watu, na nawaogesha vizuri. Sasa aibu hapa ni ipi? Anayetaka kutucheka kwa kazi yetu, acheke mpaka achoke." Akazikusanya picha zote nne, ikiwemo ile yake mwenyewe. "Zitakwenda. Na wewe Chelagat, kuna kazi imebaki. Siku tutakayopiga simu, utasema kwa mdomo wako kwamba ulidanganya. Hukuniuliza kabla ya kunipiga picha nikiwa usingizini, kwa hiyo utanisafishia viatu hivi mpaka theluji iishe. Halafu mwambie Jeptoo ukweli wote, si shida peke yake. Dawa za nyanya yako zinatokana na viatu hivi."

"Sawa, Mama."

Leonard alipita, akachukua mizigo, akaenda. Siku zilizofuata Chelagat alisafisha viatu na kuhesabu mwezi unavyokatika. Hatimaye, Jumamosi moja, Mama akanunua kadi nyingine ya simu, na kwa mara ya kwanza akampa Chelagat abonyeze namba mwenyewe.

"Mama mkubwa, ni mimi," Chelagat alisema, na kabla hajaulizwa chochote akayatoa yote. "Gari si letu. Ni la jirani. Nilimdanganya Jeptoo, naomba msamaha. Niruhusu nimwambie mwenyewe."

"Jeptoo hayupo," mama mkubwa alisema. "Yuko shuleni. Aliziona hizo picha, akakaa nazo jioni nzima. Kesho yake nikamkuta anafunga sanduku. Jina lake limepelekwa."

Chelagat aliegemea ukuta. Hakujua kama anataka kucheka au kulia.

"Alikuachia ujumbe," mama mkubwa akaendelea. "Anasema amekukasirikia sana, na mtakapoonana utamtambua. Anasema pia kwamba huko atakuja tu, mtake msitake, lakini atakuja na cheti chake mkononi. Yeye hafuti theluji kwenye gari la mtu." "Na nyanya yenu ameishikilia ile picha ya mama yako, hataki kuitoa. Anauliza swali moja tu. Kwa nini hakuna aliyemfunika mtoto wake?"

Mama alikuwa amesogeza sikio, akasikia. Akageuka haraka na kwenda kusimama dirishani.

Simu ilipokwisha, alimwita Chelagat akae karibu naye.

"Tulidhani tunalinda heshima yetu," alisema. "Kumbe kidogo tumharibie Jeptoo maisha yake. Ukisema uongo, Chelagat, rudi uurekebishe mapema, hata kama utaona haya, na hata kama ni sisi wakubwa tuliouanza. Usiogope kutuambia. Mimi sipendi kubishiwa, lakini siku ile ulifanya vyema kunibishia."

"Na mahali hapa bado sipapendi," Chelagat alisema.

"Nani amekwambia upapende?" Mama alijinyoosha kwenye kochi, viatu vyake safi vikiwa sakafuni, vyote viwili. "Fanya kazi zako za shule. Nina zamu jioni."

Hazikupita dakika nyingi Mama akawa amelala. Chelagat alikwenda chumbani, akatoa blanketi kwenye kitanda chake mwenyewe, akamfunika kuanzia miguuni mpaka mabegani. Chini yao, mpini wa ufagio uligonga dari, du du du, ingawa hakuna aliyekuwa ameruka.

Chelagat akainua kisigino. Kisha akamtazama Mama, akakishusha polepole, akafungua kitabu chake.