Nguzo ya Mwisho Gatini

Haya hayakunipata mimi, yalimpata shemeji yangu, mpaka rangi wa bandarini, ambaye hata uongo wa kumtuliza dada yangu humshinda.

Zamani meli ziliingia bandarini kwa kupita katikati ya magati mawili marefu ya mawe. Mchanga ulipoziba mlango huo, ukafunguliwa mwingine mbali, na magati yakabaki mahame. Nguzo zake za chuma, zilizokuwa za kufungia meli, bado hupakwa rangi kila mwaka, zisiliwe na kutu.

Baba yake shemeji alikuwa mfunga kamba pale. Meli ikishatulia, alikuwa akimwekea mwanawe viganja juu ya nguzo iliyosuguliwa na kamba. "Ukiikuta ya moto," alimwambia, "ujue meli imefika." Siku moja ya ukungu alikwenda kupokea meli, asionekane tena.

Asubuhi ya kisa hiki, miaka mingi baadaye, shemeji alikuwa huko peke yake akipaka rangi, ukungu ukashuka mpaka asiione brashi aliyoishika. Msimamizi akampigia simu.

"Zimebaki ngapi?"

"Moja, ya mwisho kabisa."

"Iache, rudi."

"Hiyo ndiyo aliyokuwa akifungia mzee. Siiachi."

Akaenda akipapasa. Mbele yake akasikia kamba ikilia, mlio mzito wa kamba iliyoshika mzigo mkubwa.

"Nani huko?"

Mlio ukakatika. Hata maji hayakusikika.

Akaipapasa nguzo kuanzia chini hadi juu. Haikuwa na kamba. Rangi ya mwaka jana ilikuwa imebabuka, na chuma, katika baridi ile, kilikuwa cha moto.