Tanga Lililopumua

Jua lilikuwa linazama, kama kweli siku ile jua lilikuwapo, maana huku Ikuti kwa Wanyakyusa mwezi wa Aprili mtu huambiwa tu kwamba jua lipo. Nilikwenda dukani kwa Mrisho kununua yadi moja ya bafta, kile kitambaa cheupe cha sanda.

"Bafta?" Mrisho aliuliza. Aliweka mkasi chini. "Sadalla... nani kafa?"

"Hajafa mtu. Ni ya tanga."

Alinitazama. Akautazama mkono wangu wa kulia, uliofungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, kisha akakata kitambaa bila kuuliza tena. Mrisho ni Mwislamu mwenzangu, na baba zetu walikuja pamoja kutoka pwani wakiwa wamebeba mizigo ya Wajerumani. Lakini umri mzima ndani ya migomba ulikuwa umemharibu. Nyama yake ya Idi aliigawa kijiji kizima, akabaki na mifupa, halafu akasema eti huo ndio ujirani.

Mimi sikuwa hivyo, na mnielewe tangu mwanzo. Mimi nilikuwa fundi wa merikebu. Si za kupanda, za kuweka mezani, urefu wa mkono mmoja, zenye milingoti, kamba na vimizinga vya kutosha kidole. Baba alinifundisha. Bahari yenyewe sijaiona hata siku moja, na anayetaka kucheka acheke. Wazungu wa mashamba ya chai walizinunua, mpaka Azimio la Arusha lilipotangazwa na wengi wao wakafunga virago. Hapo nikaanza ya mwisho, kubwa kuliko zote, ya matanga matatu, niipeleke Dar es Salaam kwenye maonyesho ya Sabasaba.

Niliichonga miaka mitatu. Wenzangu muda huo walikuwa kwenye shamba la ujamaa, wanapalilia mahindi huku wakiimba. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Ambindwile, alikuja kuniita mara tatu. "Fundi, njoo hata nusu siku," aliniambia. "Watu wanasema." Nikamjibu waseme mpaka wachoke.

Sasa, hawa Wanyakyusa wana imani yao moja. Wanasema mtu akiwaudhi majirani, manung'uniko yao humfuata. Hawahitaji hirizi wala mganga. Wanakaa, wananung'unika, basi pumzi yao inatoka ikiwa ya baridi, inamwingia mtu kifuani au inaingia nyumbani mwake. Wanaiita pumzi ya watu. Siku niliyosikia habari hiyo nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Kisha nyumba yangu ikaungua.

Iliungua wiki mbili kabla ya jioni ile ya bafta, saa tisa mchana, mvua ikinyesha. Nyumba ya mianzi na udongo, kavu kwa ndani, iliwaka kwa muda mfupi mno. Mke wangu Saada alikuwa chumba cha ndani amelala na homa. Alitolewa yu hai, lakini moshi ulikuwa umeshamjaa kifuani. Merikebu nayo ilitoka, imeungua tanga la mbele tu. Ambindwile akatupa chumba uani kwake. Sikumshukuru. Mtu akuchomee nyumba kwa pumzi yake halafu akupe chumba, umshukuru kwa lipi? Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi nikatoka dukani na bafta yangu kwapani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini. Njia ya kwenda kwa Ambindwile inapita katikati ya migomba, na majani yalikuwa yakidondosha maji.

To... to... to...

Halafu nikasikia mtu anapumua nyuma yangu.

Sikusikia hatua. Sikusikia jani likikanyagwa. Pumzi tu, nzito, kama ya mtu aliyepanda mlima. Inavutwa... inakwama... inatoka.

"Nani?"

Nikageuka. Ukungu na migomba, basi. Nikasema kwa sauti, "Hata salamu hamjui, washenzi ninyi!" Nikaendelea na safari. Pumzi ikaendelea nami. Ilikuwa ya baridi shingoni, na ilinuka moshi. Si moshi wa jikoni. Moshi wa vanishi na nywele.

Sikukimbia. Nilitembea haraka.

Chumbani nilimkuta Atuganile, mke wa Ambindwile, ameketi kando ya kitanda na bakuli la uji. Kila siku mama yule alikuwa pale, kana kwamba hana kwake. Alimfuta Saada mdomo, akanisalimu kwa lugha yao, "Ndaga, fundi. Amekunywa kidogo leo." Nikamwonyesha mlango kwa macho, akaondoka taratibu.

Nilijaribu kushona kwa mkono wa kushoto. Uzi ulinishinda, sindano ikaanguka mara mbili. Saada alikuwa ananitazama.

"Nipe," alisema.

Nikampa.

Ndiyo, nilimpa. Alishona akiwa amelala, anapumzika kila baada ya mishono mitano. Aliulowesha uzi kwa mate, akaukata kwa meno, akatandaza bafta juu ya kifua chake kuipima. Kifua kilipanda na kitambaa, kikashuka na kitambaa. Alipomaliza nililifunga tanga kwenye mlingoti wa mbele, nikasogea nyuma kulitazama. Lilikuwa limekaa vizuri sana. Nikafurahi, hata nikasahau kumwambia ahsante.

Tanga likajaa.

Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ubao. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikatazama koroboi juu ya sanduku. Mwali wake ulikuwa umesimama wima, hautikisiki. Na bado tanga lilikuwa limetuna mbele, duara, limejaa upepo ambao haukuwapo.

Likalegea.

Likajaa tena... likakwama kidogo katikati... likalegea.

Chumba kikanuka moshi.

"Umeona?" nilimnong'oneza Saada. "Wamenifuata mpaka humu. Nyumba wamemaliza, sasa wanataka merikebu."

Saada hakulitazama tanga. Alinitazama mimi.

"Sadalla... waite watu."

"Watu gani?"

"Kina Ambindwile. Kaa nao, kila mtu aseme lililo moyoni, yaishe. Kifua kinaniuma. Nataka kupona."

"Ushirikina huo, Saada. Wewe ni binti wa mwalimu wa Kurani."

"Sikuambii ukaabudu kitu. Nakuambia ukaseme."

"Nikaseme nini?"

Tanga likajaa. Likakwama. Likalegea.

"Unajua," alisema Saada, akafumba macho.

Usiku mzima nililitazama tanga lile. Nilimpenda mke wangu, msidhani sikumpenda. Kulipokucha nilikwenda kwa Ambindwile nikamwambia nimekubali mchezo wao, ili mgonjwa atulie. Mzee alisema tu, "Vizuri, fundi. Lakini sema yote. Ukibakiza neno, ni afadhali usingekuja."

Walikusanyika watu saba uani, mvua ikinyunya. Jinsi wanavyofanya ni hivi. Bakuli la maji linazunguka. Mtu anasema mbele ya wote jambo lililomkasirisha, au kosa alilolificha. Akimaliza anajaza maji mdomoni, anayapuliza nje, pffuu, na hasira inatoka nayo. Watu wazima na ndevu zao wanapuliza maji! Nilibana midomo nisicheke.

Ambindwile alianza. "Nilikasirika fundi aliponijibu mbele ya watoto wangu kwamba watu waseme mpaka wachoke. Nilinung'unika siku nyingi." Akapuliza.

Atuganile akafuata. "Sikukuu yao alichinja mbuzi, akafunga mlango, sisi tukanusa halufu tu. Nilisema, na ile nyama imkwame." Akainama kwa aibu, akapuliza.

Akaja Lazaro, jirani wa upande wa bondeni, kijana mwenye nguvu na maneno machache. Nyusi zake bado zilikuwa hazijaota baada ya moto. Alilishika bakuli muda mrefu.

"Mimi nina hasila ya siku ile ya moto," alisema. "Lakini sitaisema. Atakayeisema ni mwenyewe." Akanipa bakuli bila kupuliza.

Wote wakanitazama. Nilisikia joto linanipanda usoni. Nyuso zile, miguu ile yenye matope, ndizo zinihukumu mimi?

Nikasimama. Nikasema kwa Kiswahili kizuri, ili wajue wanasema na nani.

"Ndugu zangu, nyumba yangu imechomwa na manung'uniko yenu. Nimepoteza vyombo, nimepoteza mkono. Hata hivyo nimewasamehe. Moyoni mwangu sina neno lingine."

"Hakuna lingine?" aliuliza Ambindwile polepole.

"Hakuna."

Nikajaza maji mdomoni. Yalikuwa baridi mno, yanachoma meno. Nikavuta pumzi kwa pua ili nipulize...

Hayakutoka.

Midomo niliifungua. Nilisukuma. Koo langu likafunguka lenyewe, maji yote yakashuka ndani, nikayasikia yakipita kifuani mpaka tumboni. Hata tone moja halikudondoka chini.

Atuganile alijifunika uso kwa kanga. Ambindwile alilichukua bakuli mikononi mwangu, akamwaga yaliyobaki, akaingia ndani.

Nikarudi chumbani. Nilikuwa na hasira, na ninakiri pia nilikuwa na hofu. Nikasukuma mlango, nikatazama merikebu kwanza.

Tanga lilikuwa limelala.

Halikujaa. Nilisubiri, nikahesabu mpaka hamsini. Lilining'inia tu kwenye mlingoti, kitambaa cha kawaida. Harufu ya moshi ilikuwa imekwisha.

Nikacheka. Wallahi nilicheka kwa sauti. "Saada! Tazama! Limetulia! Nimewadanganya wajinga wale na limetulia!"

Nikasikia jinsi chumba kilivyokuwa kimya.

Kifua cha Saada hakikupanda. Mkono wake ulikuwa nje ya shuka, umeelekea mezani kwenye merikebu, na vidole vilikuwa vimeshaanza kupoa.

Walimzika wao. Mrisho aliwaleta Waislamu wachache kutoka Tukuyu mjini, lakini kaburi alilichimba Lazaro, kwenye mvua, peke yake, na hakukubali kupokewa jembe. Atuganile alilia kuliko mimi. Walinipikia siku saba. Niliwachukia kwa kila sahani waliyoleta.

Mtauliza ni neno gani nililobakiza. Nitaliandika hapa, kwa kuwa karatasi haina macho. Siku ile nilichemsha gundi kwenye jiko la mkaa, ndani ya nyumba, kopo la vanishi likiwa pembeni, nikatoka uani kutazama mbao. Nyumba ilichomwa na jiko langu. Nilipoona moto niliingia mbio. Nilisimama kati ya milango miwili. Upande huu merikebu mezani. Upande ule Saada, anakohoa, ananiita jina.

Nilibeba merikebu.

Nilipoiweka chini kwenye majani, Lazaro alikuwa akitoka na mke wangu begani, nyusi zake zinawaka. Alinitazama. Akatazama nilichobeba. Saada pia, kichwa kikining'inia, aliona. Wiki mbili alilala kando yangu na jambo hilo kifuani pamoja na moshi, na hakunitukana. Alitaka tu nilitoe mimi mwenyewe.

Sasa ni mwezi wa nane tangu tumzike. Sabasaba ilipita, sikwenda popote. Nimejenga kibanda mwisho wa kijiji, mbali nao, naishi na merikebu. Na tangu juma lililopita, jioni ukungu ukishuka, tanga la mbele limeanza tena.

Linajaa... linakwama... linalegea.

Nilidhani ni mimi ninayelipulizia bila kujua. Juzi nikabana pumzi, nikaziba pua kwa vidole, mpaka macho yakaingia giza. Tanga liliendelea. Lilikwama palepale Saada alipokuwa akikwama. Na kila linapojaa, kifua changu mimi kinabana kidogo zaidi. Jana nilipokwenda kisimani nilipumzika mara nne.

Ambindwile amesikia. Hao husikia kila kitu. Tangu juzi, kila kukicha, Atuganile anakuja mpaka mlangoni kwangu na bakuli la maji. Hapigi hodi. Analiweka kizingitini, anasimama kidogo, kisha anarudi zake kwenye ukungu kumwita Lazaro, ili awepo wa kunisikia iwapo nitatoka.

Nawaona wote wawili kupitia ufa wa mlango. Mwanamke mwenye miguu ya matope na kijana asiyejua hata kuandika jina lake. Wamesimama chini ya mgomba, wananisubiri.

Nyuma yangu tanga linajaa.

Nabana mlango mpaka waondoke. Kisha nalichukua bakuli, namwaga maji.